Saa ya Mizani ya Nanyamba

Nilijisifu, nakiri. Mfumo wa korosho wa chama chetu cha ushirika niliuunganisha mimi, Neusa binti Arsenio, mtoto wa wakulima wa muhogo waliovuka Ruvuma kabla sijazaliwa. Gunia likipandishwa mizani kijijini, mizani inakipa uzito kishikwambi cha karani. Kishikwambi kinatuma kwenye seva Mtwara mjini, seva inalinganisha na kilichopokelewa ghalani, kisha skrini ya ukutani inaonyesha yote. Nilikuwa natembea mjini shingo juu.

Alhamisi asubuhi meneja wetu, Gideoni, aliniita mbele ya skrini hiyo. Nanyamba, kimoja cha vijiji vyetu, ilikuwa nyekundu, rangi ya hitilafu. Magunia arobaini yalikuwa yamepimwa Jumatano kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri.

"Nani anapima korosho usiku kama si wa magendo?" aliuliza. "Saida namfukuza leo. Au mfumo wako unadanganya?"

Hilo la mwisho lilinichoma. "Mfumo wangu haudanganyi," nikajibu haraka.

Papo hapo nikajuta. Bi Saida ni karani wa mizani ya Nanyamba mwaka wa kumi na mbili sasa, na kazi hiyo ndiyo heshima yake yote. Nikamsihi Gideoni aniache nifike Nanyamba mwenyewe kabla barua ya kumfukuza haijaandikwa. Akanipa hadi adhuhuri.

Nilimkuta Bi Saida anapima.

"Karibu, mwanangu. Hiki kishikwambi chako jana asubuhi kilizima, chaji imeisha. Kilipowaka kikaniuliza saa, nikakijazia."

"Ulijaza saa ngapi, mama?"

"Wewe naye! Ilikuwa saa mbili asubuhi, nikaweka mbili. Ulitaka niweke ngapi?"

Nikakaa juu ya gunia nikacheka, kisha aibu ikanishika. Kishikwambi kinahesabu tangu saa sita usiku. Bi Saida anahesabu tangu jua kuchomoza, kama mama yangu, kama mimi mwenyewe nikiwa nyumbani. Nilivifundisha vyombo kuzungumza, sikumuuliza mwenye mizani anahesabuje saa. Na ni mimi niliyekizuia kishikwambi kuchukua saa mtandaoni, eti nabana bando.

Nikampigia Gideoni mbele yake, spika wazi. "Kosa ni langu, si la Bi Saida."

Nikarekebisha saa, nikasogeza mapimo yale saa sita mbele. Seva ikalinganisha upya na ghala, na Nanyamba ikageuka kijani.

Gideoni akasema: "Neusa, hebu tazama safu ya upungufu."

Nikafungua ripoti kwenye simu. Kati ya vijiji kumi na vinne, ni mizani moja tu ambayo ghala halikuikuta na gunia pungufu msimu mzima. Ilikuwa ya Bi Saida. Nilijivunia mfumo wangu siku ile kuliko siku tuliyouzindua, na nilimjivunia yeye zaidi.

Nikampa simu asome. Akaiweka mbali na macho, akasoma polepole, akanirudishia.

"Kumbe hili mlikuwa hamlijui?" akasema, akaita gunia linalofuata.