Mteremko wa Shuka-na-Mungu

Kasanda aligonga bidoni ya kwanza, dumu la mawese lililofungwa nyuma ya baiskeli ya Aïcha, kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akagonga ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilijibu kwa sauti nzito na fupi, sauti ya kitu kilichojaa hadi shingoni. Akavuta mipira ya kufungia, akakandamiza gurudumu la nyuma kwa gumba, kisha akamtazama Aïcha, ambaye muda wote huo alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe.

"Mama Aïcha, leo iko lazima," akasema.

Aïcha alijua. Mbele yao barabara ya kutoka Kalima kwenda Kindu iliporomoka katikati ya msitu. Wachukuzi wa baiskeli waliuita mteremko huo Shuka-na-Mungu, kwa sababu ukishauanza, binadamu mwenzako hana la kukusaidia. Mvua za wiki nzima zilikuwa zimechimba mfereji upande mmoja. Chini kabisa palikuwa na kijito na daraja la magogo, lakini asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umevifunika vyote viwili. Alfajiri Aïcha alipewa mhogo na wenzake, akaurudisha bila kuuonja.

Miaka minane alikuwa amebeba mawese katika barabara hiyo, na hakuwahi kuteremka mteremko hata mmoja akiwa juu ya baiskeli. Kupanda, alisukuma kuliko wanaume wengi. Penye tambarare, alikanyaga pedali huku akiimba. Lakini kila alipofika kichwani pa mteremko alishuka, akabana breki zote mbili, akatembea hatua kwa hatua kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Wenzake wanne walitangulia, wakamngoja chini na kumtania. Yeye aliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nao wakacheka, mambo yakaisha.

Mwezi uliopita hayakuisha. Walipokuwa wakimngoja chini ya mteremko mwingine, watu watatu wenye mapanga walitoka msituni, wakachukua bidoni mbili za Blanchard, mmoja wa wale wanne, na kumkata begani. Aïcha alifika akamkuta ameketi chini, damu imemtiririka mpaka kiunoni. Blanchard hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ila alipokwisha kushonwa alisema mbele ya wote kwamba yeye hangoji tena mtu chini ya mteremko, hata awe mama yake mzazi. Wengine wakakubali. Basi Aïcha akabakiwa na mawili: ateremke na wenzake, au abaki peke yake barabarani, na katika barabara ile mtu wa peke yake hafiki mbali. Baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa ikipika nyumbani kwake.

Kasanda, mkubwa wa kikundi, mtoto wa fundi wa reli aliyetoka Kasai, alijitolea kumfundisha. Kwa wiki mbili walikwenda pale Kindu kwenye mteremko unaoelekea mto Lualaba, kwanza na baiskeli tupu, halafu na bidoni za maji. Alimfundisha kurudisha makalio nyuma na kulegeza viwiko. Alimfundisha kutumia breki ya nyuma kwanza, ya mbele aibembeleze tu, na kubana na kuachia, kubana na kuachia, asije akaiunguza. Kubwa kuliko yote lilikuwa macho.

"Shimo usiangalie," alimwambia kila siku. "Angalia fasi unataka kupita. Macho inaenda, kinga inafuata." Kinga kwao ni baiskeli.

Aïcha alishika upesi, hata mwalimu akashangaa. Hakujua kwamba mwanafunzi wake aliwahi kuyaona yote hayo zamani, kwa mtu mwingine.

Watu walidhani anaogopa kilima. Aliwaacha wadhani hivyo kwa miaka yote minane.

Wakati wa vita, miaka ishirini na zaidi iliyopita, alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mke wa Soudi. Treni haikuja tena Kindu, chumvi ilikuwa ya kunusa, na baiskeli ndizo zilizobeba mji mzima. Siku moja walikuwa wakirudi na bidoni nne za mawese, Soudi akisukuma, yeye akifuata na kikapu kichwani. Kwenye kizuizi, wenye bunduki walitaka nusu ya mzigo. Kama wangechukua bidoni mbili nzima, yangekuwa mengine. Lakini mkubwa wao alijifanya mtu wa haki. Aliamuru zote nne zifunguliwe, kila moja ipunguzwe nusu.

Kila mchukuzi wa mawese anajua kwamba mzigo hauachwi hivyo. Bidoni nusu ni adui mgongoni. Ukifunga breki, mawese yanakusukuma; ukikata kona, yanakuvuta upande wa pili. Ukishapita kizuizi unasimama, unajaza mbili mpaka shingoni, mbili zinabaki tupu, ndipo unaendelea. Soudi alisimama. Alikuwa amekwisha kufungua mpira wa kwanza Aïcha alipogeuka nyuma, akamwona mmoja wa wale watu amesimama katikati ya barabara, bunduki mkononi, akiwatazama.

"Twende," alimwambia mumewe. "Watarudi kutaka ingine."

Soudi aliutazama mteremko uliokuwa mbele yao. Akamtazama mkewe jinsi alivyokuwa akitetemeka. Akaufunga mpira, akapanda, akateremka. Aïcha alisikia mawese yakipiga ndani ya bidoni, chwa, chwa, chwa, yakienda mbali, halafu akasikia chuma. Alipomfikia, shingo ya Soudi ilikuwa imelala vibaya, na mawese yalikuwa yamesambaa barabarani. Wapita njia waliyachota kwa majani, maana njaa ilikuwa njaa, na kila aliyechota alimwomba msamaha.

Neno lile alilomwambia mumewe hakuwahi kulitaja kwa mtu yeyote.

Sasa Blanchard aliteremka wa kwanza, ukungu ukammeza. Wakafuata wengine wawili. Kasanda akamwambia afuate alama ya gurudumu lake, naye akaenda. Aïcha akabaki juu peke yake, msitu huku na huku, na kimya. Alifikiri kurudi Kalima. Alifikiri kutembea. Akafuta viganja kwenye kitenge. Akasema bismillahi, akainua mguu.

Baiskeli ilishika mwendo kabla hajakaa sawasawa. Alirudisha makalio nyuma mpaka mzigo ukamgusa mgongo. Bana, achia. Bana, achia. Upepo ulimtoa machozi. Mfereji ukatokea upande wa kulia, mpana, mweusi, na macho yake yakaingia humo yenyewe. Gurudumu la mbele nalo likaanza kuyafuata. Aliyang'oa kwa nguvu, akayaweka kwenye udongo mgumu upande wa kushoto, na baiskeli ikapinda, ikaja. Gurudumu la nyuma liliteleza kwenye tope, kisha likashika. Muda wote huo alikuwa akisikiliza nyuma yake, akiingoja ile chwa ya kwanza. Aliingoja katika kila kona, meno yameumana, na mawese hayakusema kitu.

Daraja lilitoka ukunguni ghafla. Hakutazama maji. Alitazama nyasi za ng'ambo, akaachia breki, magogo yakanguruma chini yake, akawa amevuka.

Wenzake walikuwa pale, kila mmoja mguu mmoja chini, tayari kuondoka. Kasanda akaishika baiskeli yake. Vidole vya Aïcha vilikataa kuachia breki, ikabidi Kasanda avibandue kimoja kimoja.

"Umeteremuka muzuri," akamwambia.

Aïcha alifungua mdomo amshukuru, likatoka lingine.

"Soudi alitaka kujaza bidoni. Ni miye nilimuambia twende."

Kasanda hakuelewa mara moja. Wachukuzi wote wa Kindu walijua kwamba Soudi alifia kwenye mteremko, na wote walisema breki zilikatika. Kisha akazitazama bidoni zilizokuwa nyuma ya baiskeli, na kwa kuwa naye alikuwa mchukuzi, akaelewa. Akavua kofia.

"Zilikuwa nusu?"

"Zote."

Aïcha aliketi palepale kwenye tope, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Msitu ulikuwa hatua kumi kutoka walipokuwa, mzito, na sauti yake ilikuwa ikiingia humo na kusikika mbali. Wale wengine wawili walimtazama Blanchard, maana sharti la kutongoja lilikuwa lake, na bega bado lilikuwa likimkakamaa wakati wa baridi. Blanchard alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye fimbo ya kuitegemezea, akachomoa panga chini ya mzigo kwa mkono mzima. Akaenda kusimama ukingoni mwa barabara, mgongo kwa Aïcha, uso kwenye miti.