Amepumzika

…na mbona kinapanda, kile kindege cheupe kwenye ramani ya kioo cha kiti cha mbele, kinapanda juu kabisa huko kwenye barafu wakati nyumbani ni chini, ng'ambo ya bahari, chini upande wa kulia, mtoto wa chekechea angepiga mstari mmoja kutoka uwanja tuliotoka hadi uwanja tunaokwenda akamaliza kazi, hawa wao wamepinda, wameamua kwenda kuisalimu ncha ya dunia kwanza, na mimi nina haraka, Mama yuko hospitali, jana wamempasua tumbo, na Kaka ameniandikia, Mama amepumzika, wewe njoo taratibu, hayo tu, yaliingia nikiwa nimeshafunga mkanda na mhudumu amenisimamia kichwani, "Simu tafadhali, mama," nikajibu mbio mbio, afadhali, mwacheni alale, msimwamshe, nikatuma, nikazima, na tangu hapo nayatafuna maneno ya Kaka hayamezeki, amepumzika, si vizuri hivyo, juzi maumivu yalimnyima usingizi, Kaka mwenyewe aliniambia hajafumba jicho, sasa wameshamshona, dawa imeshika, mtu aliyechoka si hupumzika… ila neno hilo watu hulisema pia mtu anapo… hebu nyamaza, wewe nawe, unamchuria mama yako, lakini kwa nini taratibu, mtu aliye ndani ya ndege anakwenda taratibu vipi, nikamgongee rubani mlango nimwambie apunguze mwendo, au alimaanisha nisikimbizane na mizigo pale uwanjani, au nisiwe na wasiwasi, ndiyo, ndiyo hiyo, maana Kaka ananijua, nyumba nzima inanijua, Mama aliniita Kiherehere kabla sijaota meno yote, "Kiherehere, taratibu, utavunja sindano ya cherehani," nami nishavunja, nyingi tu… mbona bado kinapanda.

"Mzee wangu, hatujapotea kweli?" nilimuuliza jirani yangu muda si mrefu, baba mwenye tumbo lililoikatalia meza isifunguke, akacheka, "Hiyo ndiyo njia fupi, dada," "Fupi? Na inazunguka hivyo?" "Haizunguki. Ramani ndiyo iliyolazwa, dunia yenyewe ni mviringo. Rubani hajalewa," kisha huyo, akaegemea dirisha akaanza kukoroma, akaniacha na mzunguko wangu, hajalewa, hajalewa, nilishasikia maneno hayo wapi… kwenye meza ya kukatia, ndiyo, Mama na mkasi wake mweusi, mimi nimekata kiuno cha sketi pana kwa mstari ulionyooka kama rula, najiona fundi, akakichukua akanizungushia kiunoni, kikatuna huku, kikaning'inia kule, akacheka mpaka akakaa chini, "Sasa tazama," akakata chake kwa kupinda, kimelala pale mezani nikasema aliyekikata amelewa, "Hajalewa," akanijibu, nilipokivaa kikanikaa sawasawa kuzunguka kiuno, "Mwili si meza, Kiherehere, kilichopinda hapa ndicho kitakachonyooka pale," kumbe na dunia nayo ina kiuno, haya, sawa, nimeelewa, twende na njia yenu… lakini Kaka hapindi, hapo ndipo ninapojishikilia, Kaka ni fundi gereji, maneno yake makavu, hana mzunguko, harusini kwangu alimwambia bwana harusi mbele ya wageni, "Hamtafika mbali nyinyi," na kweli hatukufika, nikishuka uwanjani neno la kwanza ataniambia nimenenepa, mtu wa namna hiyo kama kungekuwa na baya angeliandika lilivyo, kwa hiyo amepumzika ni amepumzika, amejilalia, mdomo wazi kidogo kama kawaida yake, nikifika atasema mbona umechelewa, nitamwambia waulize hawa walionipitisha kwenye barafu… toroli linakuja, magurudumu yanalia, watu wanakunja magazeti.

"Mama, samahani, huyu baba amelala? Nimwamshe anywe chai?" Amelala, naam, amelala… mhudumu ameinama, birika mkononi, amesema amelala, na kila mtu si husema hivyo, amelala, nyumbani kwetu mtu akilala tunasema amelala, Mama amelala, punguzeni redio, mtoto amelala, Kaka hajawahi hata siku moja maishani mwake kusema fulani amepumzika, si neno lake hilo, hilo neno ni la… ni la Mama, sebule imejaa viatu vya watu, Baba ameondoka asubuhi ile, Kaka amesimama na mikono yake ya grisi anamfokea Baba Mdogo kwenye simu, "Baba amekufa! Nasema amekufa, njoo!" na Mama akainuka pale nilipokuwa nimemshika bega, akamnyang'anya simu, akaiziba kwa kiganja, "Mwanangu, mtu aliye mbali hatupiwi neno kama jiwe. Sema Baba amepumzika. Na umwambie aje taratibu, asije akaanguka njiani. Haya, sema nisikie," na Kaka, limtu lizima, akarudia kama mwanafunzi, Baba amepumzika, wewe njoo taratibu… wewe njoo taratibu, yale yale, hakupunguza hakuongeza, amemtii, mpaka leo hii amemtii, amesimama kwenye korido ya hospitali akatafuta neno la kunipa na neno alilolipata ni la Mama mwenyewe, amelipinda ili linifikie limenyooka, nami nimemjibu nini, nimemjibu afadhali, Mungu wangu, mwacheni alale, msimwamshe, na amelisoma, alilisoma akafanyaje, akakaa wapi…

"Mama? Nimwamshe?" "Usimwamshe," nasema, na mdomo wangu unalisikia neno hilo, usimwamshe, msimwamshe, simu iko mapajani nyeusi tii, huenda ndani yake kuna jibu la Kaka, huenda hakuna, na kindege kiko pale pale, juu ya bluu ile ile, kimeanza kuinamisha pua kidogo kuelekea nyumbani au macho yangu tu yana maji, subirini, jamani, mbona sasa mnashuka, pandeni, zungukeni, pitieni barafu yote mpaka iishe, nina haraka gani mimi, Mama, naja taratibu, umesikia, naja taratibu… "Na wewe, chai au kahawa?" "Chai," namwambia mhudumu, naye anamimina, toroli halijasogea, jirani anakoroma.