Kompyuta ya Ghorofa ya Tatu

Dada yangu alivunjika nyonga akishuka ngazi za duka lake la uchapaji. Duka liko ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti, na daktari alimwambia azisahau ngazi mwaka mzima. Akasema sawa, atachapa akiwa nyumbani. Kwa miaka ishirini na sita amechapa tasnifu, barua za kazi na hati za mahakama, mpaka wanafunzi wakampachika jina Cherehani kwa jinsi vidole vyake visivyojua kupumzika. Lakini mafaili, printa na wateja vyote viko dukani. Kwa hiyo mimi, mdogo wake fundi kompyuta, nikaagizwa nimfungie programu ya kuiendesha kompyuta ya duka kutoka chumbani kwake.

Niseme ukweli, sikupenda. Mtu ana miaka sitini na moja, mguu una vyuma, anatafuta nini tena? Binti yake, aliyekuwa akilishikilia duka, alinivuta pembeni.

"Mjomba, mfungie tu hiyo programu atulie. Mwisho wa mwezi tunafunga duka."

"Mwenyewe ameulizwa?"

"Ukimuuliza si unajua atakachosema?"

Nilijua. Nikakubali, tena upesi kuliko ilivyostahili.

Kompyuta zote mbili ni za zamani, zile za boksi kubwa linalonguruma chini ya meza. Ya duka ilikuwa na vumbi la kutosha kupandia mahindi. Toleo jipya la programu lilizikataa katakata. Nikatafuta la zamani, likakubali huku limenuna. Nikaizuia kompyuta ya duka isijilaze ikiachwa peke yake, nikaiwekea neno la siri la kudumu ili dada aingie bila kumsubiri mtu wa upande wa pili amruhusu. Bado ikagoma kuunganika. Kutupa jicho kwenye kona ya kioo, tarehe ilikuwa ya miaka kumi na minane iliyopita. Kile kibetri cha ndani, cha duara, kinachotunza saa umeme ukizimwa, kilikuwa kimekufa. Programu za namna hii hukagua tarehe kwanza, kwa ajili ya usalama, na zisipoielewa hazimfungulii mtu.

Nikairekebisha tarehe kwa mkono, ikaunganika. Nikampigia dada simu, akausogeza mshale mwenyewe kutoka kwake, akacheka kama aliyeletewa mjukuu. Kibetri sikukibadilisha. Nilijua jioni mpwa wangu atazima umeme ukutani na asubuhi tarehe itarudi kulekule. Nikafunga begi langu nikaondoka.

Asubuhi simu ikalia. "Imekataa," dada akasema.

"Mtandao huo."

Siku ya pili nikausingizia umeme. Siku ya tatu nikasema mashine za zamani zina mambo yake. Siku ya nne hakupiga, nami nikapita kumjulia hali nikitumaini amekata tamaa. Nilimkuta mbele ya kompyuta, mguu juu ya stuli, miwani ya kazi puani.

"Fundi," akasema. Akiniita fundi ujue kuna kesi. "Ile ya duka, tarehe uliirekebisha kwa mkono?"

Nikainama kukagua nyaya chini ya meza.

"Mimi huirekebisha kila asubuhi kabla sijaweka mkoba chini. Mwaka wa tatu huu. Nisipofanya hivyo hata barua pepe haifunguki. Wewe uliyesomea hukuliona hilo?"

"Nililiona, dada."

Alinitazama. Hakuuliza kwa nini, na hilo ndilo lililoniuma.

"Basi nenda kamalize kazi yako."

Nikapanda zile ngazi, nikabadilisha kibetri, nikairekebisha tarehe. Mpwa wangu alikuwa anahudumia mteja. Nikamwambia nimekuja kupuliza vumbi. Uongo nilishaanza kuuzoea. Nikarudi kwa dada, nikavuta kiti karibu naye. Akaandika neno la siri. Safari hii duka likafunguka mara moja, kioo kizima mbele yetu, na juu yake kulikuwa na ukurasa mweupe unaoandikwa herufi moja moja.

*Duka la uchapaji linapangishwa pamoja na vifaa vyake vyote. Mwenye duka amestaafu. Piga simu namba*

Namba ya mpwa wangu ikajiandika mpaka tarakimu ya mwisho.

"Nimestaafu lini?" dada akauliza.

Nikafungua mdomo kuusingizia mtandao tena, akaniinulia kidole.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakugombana nami. Angegombana ningepata nafuu. Alishika kipanya, akaupeleka mshale kwenye ile namba, akaifuta yote. Upande wa pili mpwa wangu akashtuka, akauvuta mshale kwake, dada akaurudisha. Ukawa unayumba huku na huku, kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akitaka kupita kwanza. Kisha upande wa pili ukaachia. Dada akaandika namba yake mwenyewe, taratibu, kwa kidole kimoja, mtu ambaye sijawahi kumwona akichapa taratibu.

"Anayelitaka duka langu aniulize mimi," akasema, bila kunitazama.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni, sikuipokea. Kisha chini ya tangazo likatokea neno moja.

*Mama?*

Dada aliiweka mikono yote miwili juu ya kibodi.

*Naam,* akaandika. *Washa printa. Nina kazi za watu.*