Kiti cha Mzazi

Mjomba Albano alikuwa amevaa koti la baba. Lilimbana mabegani, na mikono iliishia mbali na viganja, lakini lilikuwa koti pekee katika nyumba yetu ya Temeke, na siku ile mwenye haki ya kulivaa alikuwa yeye. Alikaa kwenye kiti kilichowekwa kwa ajili ya mzazi. Baba yangu, Benedikto, alibaki amesimama mlangoni, kofia kifuani, vumbi jeusi la mpingo wa kuchongea vinyago bado limeganda vidoleni.

Sisi hatukuona ajabu. Tu Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba hukulea, hukulisha, hukuchongea mwanasesere; lakini neno la mwisho juu yako, uolewe wapi, uende wapi, ni la mjomba. Hata mimi, na kiherehere changu chote cha shule, sikuwahi kufikiri kwamba kwingineko duniani mambo ni vingine.

Ulikuwa mwaka 1957, katika ofisi ya parokia. Sista wa Kimarekani alikuja kuchagua msichana mmoja akasomee ualimu katika chuo cha shirika lao huko kwao. Mitihani nilishaifanya. Daktari alishanipima kifua. Majirani nao walishasema yao, kwamba nafasi ya Tanganyika haiwezi kupewa Mmawia, kama walivyotuita sisi wa ng'ambo, mtoto wa wakata katani waliokuja juzi. Sista hakuwajali. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu: mzazi aseme mbele yake kwamba ameridhika. Nilikitaka chuo kile kuliko nilivyowahi kutaka chochote, na nalisema hilo bila haya.

Mwalimu Ansbert wa parokia, aliyekuwa mkalimani wetu, akatafsiri swali.

"Mwambie sista," mjomba akasema, "dada yangu Margareta, mama wa huyu, aliniomba ruhusa avuke mto na mumewe. Nikasema ndiyo. Nikamvusha mwenyewe kwa mtumbwi. Hakurudi. Kalala huko kwenye mashamba ya katani, wala sijui kama kaburi lipo bado au limeshalimwa. Ndiyo yangu ile moja imenitosha. Huyu haendi."

Machozi yalinijaa, nikayameza. Mwalimu Ansbert, Mhaya wa watu, ambaye kwao mtoto ni wa baba, alidhani ananisaidia. Akamweleza sista kwamba aliyekaa pale si baba. Baba ni yule wa mlangoni.

Sista akashtuka, akageuka mzimamzima. Walisemezana kidogo kwa Kiingereza.

"Mzee Benedikto," mwalimu akasema, na sasa sauti ilimchangamka, "kwa kina sista neno la baba linatosha. Anakuuliza wewe. Ukisema ndiyo, binti anakwenda."

Nikamtazama baba. Yeye ndiye aliyekuwa akinisindikiza shule ya masista kila muhula, sanduku langu kichwani, wanaume wenzake wakimcheka njia nzima. Sema, baba, nikamwomba kimoyomoyo. Neno moja tu.

Baba aliigeuzageuza kofia yake.

"Mwalimu, mie nataka aende," akasema. "Nataka mpaka usingizi sipati. Lakini siwezi kumruka shemeji yangu, naye amekaa hapa ananisikia. Dada yake alinifuata mie, akafia mikononi mwangu. Leo nimpokonye na huyu? Mwenye neno ameshasema."

Nilimchukia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilimchukia baba yangu kwa moyo wangu wote. Sista alianza kukusanya vitu vyake mezani.

Ndipo mjomba alipoinuka. Akafungua vifungo vya koti, akalivua taratibu, akaenda nalo mpaka mlangoni.

"Ungeniruka," alimwambia baba, "ningemfuata huyu mpaka melini nikamshushe kwa nguvu. Shika koti lako. Kakae wewe, shemeji, useme wewe. Mie neno lile halinitoki mara ya pili. Lakini utampeleka wewe, na siku ya kurudi utampokea wewe. Akipotea, nitakudai wewe."

Baba akavaa koti. Akakaa kwenye ukingo wa kile kiti, kama mtu anayengoja kuambiwa apishe wengine.

"Ndiyo," akasema.

Siku ya safari baba alinipeleka bandarini. Mjomba alikuwa kuli palepale gatini, na alifanya kama alivyosema, kwamba kunipeleka ni kazi ya baba: alinipa mgongo, gunia begani, mpaka meli ikang'oa nanga.

Kule Marekani waliniuliza sana habari za baba. Kazi yake, elimu yake, maoni yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kama nina mjomba. Baridi ya tatu ilipoingia, habari zikanifikia kwa barua ya Mwalimu Ansbert: homa, siku chache tu, baba amekwisha kuzikwa. Nililia mbele ya wasichana waliokuwa wema kwangu na wasijue la kunifanyia. Sura yake ilikataa kunijia. Kilichonijia ni namna alivyokaa siku ile, nusu ya kiti tu, kiti ambacho kilikuwa chake.

Niliporudi, mwaka 1961, sikutazamia mtu. Nilishuka na sanduku langu, nikatoka getini, nikamkuta mjomba Albano amesimama juani. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi. Koti la baba lilikuwa mkononi mwake, limekunjwa vizuri. Hakulivaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kama anayehakikisha kwamba nimeshuka mzima. Halafu akaniwekea koti mabegani.

"Nimetumwa na baba yako," akasema. "Nije nikupokee."

Akainama, akalinyanyua sanduku, akajitwika kichwani. Makuli wenzake walianza kumcheka. Hakugeuka, nami nikamfuata mpaka Temeke.