Mlima Uliodhani Uko Peke Yake

Usiku wa kuamkia Jumapili, Anasia, mwalimu mstaafu wa Marangu, aliota yuko ziarani milimani, katika nchi isiyopokea wageni wala barua. Walikuwa akina mama wa kwaya ya usharika, wote na vitenge vya sare, na hakuna aliyekumbuka wazo la kuja huko lilikuwa la nani. Anasia alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo, maana hata ndotoni yeye ni mtu wa kuuliza kwanza choo kiko wapi.

Mwongozaji wao alikuwa bwana wa suti ya kijivu ambaye hasemi. Aliyesema ni kipaza sauti chake. Yeye alikishika tu na kutikisa kichwa kukubali.

"Karibuni," kikasema kipaza sauti. "Hapa kundi ni mtu mmoja. Na mlima wetu ni mmoja tu duniani. Haujawahi kusikia habari za mwingine, na nyinyi msije mkauambia."

Wakaitikia. Manka, mwenyekiti wao, akanywa funda la chai kutoka kwenye chupa yake, na akina mama wote wakabeua. Hapo Anasia akaelewa kwamba hili la mtu mmoja halikuwa maneno matupu.

Basi lao linapanda. Mara si basi tena, ni darasa la nne, na madawati yanakata kona kwa gia ndogo. Dirishani kuna magenge, misonobari na maporomoko ya maji, mazuri kupita kiasi.

"Pazuri jamani, utafikiri..." anaanza mama mmoja, na Manka anamfinya. Wote wanaumia.

Wanashuka. Mlima wenyewe umekaa nyuma ya meza ya uhamiaji, mawingu yameufika kiunoni. Nyuma yake kuna mlango wa kutokea, umeachwa wazi kidogo.

"Shikamoo," wanasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mmenionaje?"

Sasa, mtu wa Marangu akiamka hufungua mlango, huinua macho, na kabla hajanawa uso hutangaza kama mlima umetoka au umejifunika. Anasia amefanya hivyo maisha yake yote. Akainua macho, yakafika kileleni mapema mno, na maneno yakamponyoka.

"Leo umetoka vizuri. Ila mbona mfupi?"

Kipaza sauti kikajificha ndani ya koti la mwongozaji.

"Mfupi kuliko nani?" mlima ukauliza.

Mlango ukaanza kujifunga wenyewe, taratibu. Akina mama wote wakageuza shingo kwa pamoja kuutazama.

"Mwenzangu," Manka akanong'ona, "nina wajukuu mimi. Ukiutaja ule wa kwetu tunabaki sote. Kana tu, twende zetu."

"Kwenu kuna mlima?" mlima ukauliza tena.

Anasia akamkumbuka marehemu baba yake, aliyezikwa akiutazama mlima wa kwao. Akakumbuka wanawe, kila mmoja alivyotolewa nje kuonyeshwa kwa mlima kabla hata shangazi zake hawajamwona. Aliona haya hadi masikio yakawaka moto. Mlango ulikuwa umebakiza nafasi ya mtu kupita ubavu.

"Hakuna," akasema. "Kwetu ni tambarare."

"Hata kilima?"

"Hata kichuguu."

Mlima ukacheka mpaka mawe yakaporomoka, ukagonga muhuri kwenye paji la uso la Manka, na wote wakapata alama. Wakapita mlangoni kwa vigelegele. Anasia peke yake alikuwa analia, na kwa kuwa kundi ni mtu mmoja, vigelegele vyote vikatoka na machozi.

"Pole, mama," kikasema kipaza sauti kutoka ndani ya koti. "Ungesema kwa sauti ya chini. Milima inasikia mbali."

Akaamka moyo ukimwenda mbio. Kulikuwa kumepambazuka. Nje, mumewe Elinami alikuwa anapiga mswaki, lakini Anasia aliogopa hata kuushika mlango.

"Baba Kunda," akaita kutoka kitandani, "mlima upo?"

"Uende wapi?"

Akashusha pumzi, akajifunga kanga, akatoka. Kweli ulikuwepo, mweupe juu, bila hata wingu moja. Karibu acheke.

Kisha akatazama vizuri. Tangu azaliwe, ukisimama hapo mlangoni Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Asubuhi ile Kibo ilikuwa kulia na Mawenzi kushoto, kama wanavyouona watu wa Loitokitok kule Kenya, upande wa pili kabisa.

Elinami naye alikuwa ameacha kupiga mswaki, povu la dawa likimchuruzika kidevuni.

"Mama Kunda," akasema polepole, "huu mlima umeuambia nini?"