Tangazo la Kuchemsha Maji

Jana usiku usingizi ulinipeleka kazini. Nilivaa koti langu jeupe la maabara ya maji, ila meza yangu ilikuwa jikoni kwetu, katikati ya masufuria. Sikushangaa.

Sufuria ya maji ya kunywa ikakohoa. Mfuniko ukainuka, akatoka bwana mnene wa rangi ya manjano, taulo shingoni.

"Shikamoo, Baba Tausi," anasema. "Mimi Kromiamu, wa majitaka ya kile kiwanda cha ngozi."

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kushukuru." Anatoa kwapani tangazo lenye sahihi yangu: wananchi wachemshe maji dakika ishirini. "Vijidudu wamekufa wote, maskini. Sisi metali tunaoga tu. Maji yanapungua, sisi tuko vilevile."

Namwambia nayajua hayo. Niliyajua siku ile naandika. Mkuu wangu alisema kiwanda kimeajiri watu mia nane, nami nina kazi moja tu. Nikaandika wachemshe, maana kila nyumba inajua kuchemsha. Uoga ule unanichoma hadi leo.

"Kuna kiwango kinachoruhusiwa," najikaza kumwambia.

"Ndiyo hapo. Mimi naomba hiyo ruhusa. Piga muhuri."

Mara jikoni pamekuwa foleni ya bombani. Majirani wamesimama na ndoo zao, vinywa wazi, nami nawagonga muhuri ulimini: IMEPITISHWA. Kila mmoja anasema asante. Wa mwisho ni binti yangu Tausi, wa miaka sita. Ametoa ulimi, anangoja.

Mkono unakataa kushuka. Kromiamu anaushika kwa upole.

"Usianze kubagua, Baba Tausi. Hao wengine umewagonga bila shida."

Nikautupa muhuri ndani ya sufuria, nikapiga ukelele.

Niliamka jua limeshapanda, shuka limelowa jasho. Mke wangu, Mwanaidi, alikuwa jikoni akisugua sufuria kwa stilwaya.

"Baba Tausi, hebu njoo uone. Ukoko wa leo hautoki."

Nikainama. Chini ya sufuria palikuwa na duara la manjano, na katikati yake: IMEPITISHWA.

"Maji yaliyokuwemo yako wapi?"

"Si nimeyachemsha dakika ishirini, kama ulivyoandika? Nimemjazia Tausi chupa ya shule. Ameondoka zamani, huku anakunywa."