Chenga kwenye Picha ya Mama

Mama yake Nderitu, Wakiuru, alipoteleza akaanguka jikoni kwake Othaya, alilala sakafuni asubuhi nzima, mpaka ng'ombe alipolia njaa na jirani Magdaline akaja kuuliza kuna nini. Hakuvunjika kitu. Lakini Nderitu, mwenye duka la kutengeneza kompyuta huko Kutus, hakupata usingizi wa maana tangu siku hiyo. Kumhamisha mama hakukuwezekana, maana Wakiuru si mtu wa kuacha ng'ombe na majani chai yake akaishi chumba cha kupanga. Kwenda kumwona mara kwa mara nako kulimshinda Nderitu, na sababu zake hata yeye mwenyewe hakupenda kuzisikia. Basi akafanya alilolijua: akapachika ukutani mle jikoni kamera ndogo, iliyounganishwa na kompyuta ya bodi moja isiyozidi kiganja, iwe inamtumia picha dukani.

Picha zikaja, zote zimejaa chenga. Jiko lile lina dirisha moja, na Julai ya Othaya ni wingu kutwa. Mama alionekana kama mtu aliyemwagiwa mchele, tena mchele mwekundu na wa kijani. Nderitu akafunga balbu. Mama akaizima, ati stima haiwashwi mchana. Akaipunguzia kamera ukali wa kunasa mwanga. Giza likameza kila kitu, mama na sufuria zake.

Hatimaye akaiamuru ile kompyuta ipige picha nyingi mfululizo na kuzichanganya kuwa moja. Chenga hazikai mahali pamoja, kwa hivyo zikichanganywa zinafutana. Kilichotulia ndicho kinachobaki. Mara ya kwanza jiko likatoka safi, hadi masizi ya ukutani, ila mama hakuwepo. Alikuwa akizunguka na kazi zake, akafutwa pamoja na chenga. Kesho yake alisinzia kidogo kwenye kiti, na akatokea mzima: mikunjo ya uso, kitambaa cha kichwa, kila kitu. Nderitu nusura alie. Akampigia simu.

"Maitu, mama yangu, leo nimekuona vizuri kabisa! Ulikuwa umetulia."

"Ni kutulia tu?"

"Ni hiyo tu."

Furaha ilimfanya aropoke, na hakulifikiria tena neno hilo.

Tangu hapo, kila alasiri mama alionekana bila kasoro, amevaa sweta yake ya kanisa. Nderitu akazoea kunywa chai akimtazama, mlango wa duka ameurudisha nusu. Hakuwa na mwingine wa kunywa naye chai. Upweke ukampungua, na akajisifu moyoni kwamba sasa anamtunza mama yake kweli kweli.

Ndipo Magdaline akapiga simu.

"Nderitu, mamako hakuji chama chetu cha akina mama siku hizi. Nikimwita anakataa, ati kijana yake anamwangalia. Moto imezima, chai imepoa, na yeye amekaa tu hapo kwa kiti kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho. Kwani ulimwambia nini?"

Nderitu aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Akampigia mama papo hapo.

"Maitu, mbona unakaa hivyo?"

"Si ulisema nikitulia ndio unaniona, baba?" Alimwita baba kwa kuwa Nderitu alipewa jina la babu yake, baba mzazi wa Wakiuru. "Zamani pale studio ya Nyeri tulikuwa tunaambiwa hata tusipumue. Mimi napumua, lakini pole pole."

"Washa moto, Maitu. Tembea. Enda chama."

"Sasa utaniona aje?"

"Nitakuja nikuone."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeogopa kuamini.

"Kweli? Basi sema siku, baba, nisitoke hiyo siku."

Nderitu akatazama meza yake, na kompyuta za watu zilizofunguliwa matumbo zikimngoja. Akafungua mdomo ataje siku. Haikutoka hata moja. Kwenye skrini mama alikuwa ameshika simu sikioni, ametulia tuli akingoja jibu, na picha haikuwa na chenga hata moja.